Ameniambia nimrudishie jina lake, na mimi nilikua karibu kuliacha

Anti hujambo. Nakusomanga sana ila sijawahi kuandika, leo nimeona wacha tu niandike kwa sababu hii kitu imenikalia kichwani na kila mtu nikimuuliza ananipa jibu la kumfaa yeye.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisumu, Migosi, nashona yunifomu za shule na niko na kibanda upande wa Kibuye. Kwetu ni Vihiga. Niliolewa 2007, harusi ya kanisa, bwana ni wa Siaya. Mwaka huo huo nikaenda kubadilisha kitambulisho nikaweka jina lake, hakuna mtu alinilazimisha, wakati huo hata kuliandika nilikua naona raha. Mambo yaliharibika pole pole na sitaki kueleza yote, mwanamke mwingine alikuwepo, pesa zilikua zinapotea, na kuna mengine siwezi kuweka hapa watoto wakija kusoma. Yeye akahamia Nakuru na kazi yake, mimi nikabaki na watoto, 2023 nikapeleka kesi ya talaka hapa Kisumu. Hakimu alishaamua, nikapewa karatasi ya kwanza, wakili akaniambia kuna nyingine ya mwisho inafuatwa baadaye. Hiyo sijaifuata, mimi niliona ni kama imeisha.

Sasa shida ni jina. Mteja akinitumia pesa kwa M-Pesa jina linatokea kwa simu yake, na unajua watu wanavyoogopa kutuma pesa kwa mtu siye, anasoma kwa sauti, "Ni wewe fulani wa fulani?" Na mimi nasema ndio ni mimi. Kila siku mbele ya watu, ndio ni mimi. Shule zikiniandikia cheki ni hilo jina, kwa chama ni hilo jina. Nikasema wacha nirudishe la baba yangu, nikaanza kukusanya karatasi, nikatoa fotokopi za kitambulisho na cheti cha ndoa nikaweka kwa bahasha.

Kabla sijaenda, shemeji yangu, mdogo wake huyo bwana na ni mtu tulikua tunaelewana, akanitumia voisi kwa WhatsApp. Ati kaka yake anaoa, wameshaongea na watu wa huyo msichana, na ameomba nimrudishie jina lake kabla ya Desemba kwa sababu haitakaa vizuri kuwe na mabibi wawili wa jina moja, na ati nisipofanya hivyo atanipeleka kortini. Nimrudishie! Ni kama nilienda kwao kukopa.

Anti, tangu hiyo siku mimi sitaki tena kuliacha. Bahasha niliitupa nyuma ya cherehani. Nimeapa nitakaa na hilo jina mpaka nizeeke nalo, nitaliandika kubwa hata kwa kibao cha kibanda alione akipita. Lakini usiku nikilala najiuliza ninafanya nini, jina silitaki na kuliacha siwezi.

Halafu kuna watu wangu. Msichana wangu yuko Form Three, nilipomwambia alinyamaza kwanza halafu akaniuliza, "Sasa mami sisi tutabaki na jina ya daddy, na wewe utakua mtu wa nani?" Kijana ako Grade 6, yeye aliuliza tu kama atahamishwa shule. Mama yangu huko nyumbani anasema niache vile ilivyo, ati mwanamke wa miaka arobaini na moja akirudi na jina la babake ametangazia kijiji kwamba ndoa ilimshinda. Na ndugu yangu mkubwa ndiye amenishangaza kabisa. Baba alikufa 2019 na shamba bado liko kwa jina lake, hakuna mtu amefungua mambo ya urithi. Ndugu yangu kusikia habari ya jina akanipigia usiku, akaniuliza, "Unarudisha jina la mzee kwa sababu ya shamba?" Nilicheka nikidhani ananitania. Hakua ananitania. Anataka kwanza nimwandikie barua mbele ya chifu kwamba sitadai kitu.

Mama mkwe naye, na huyo mama hatujawahi kukosana, alinipigia akaniambia nisishughulike na hizo vita, kwake mimi ni Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli kwetu Vihiga, tangu nifike na nitaendelea kua Nyar Maragoli.

Kitu ingine, tulinunua ploti pande za Mamboleo, iko na majina yetu wote wawili. Naogopa nikibadilisha jina niamke siku moja niambiwe ploti ni yake peke yake. Anti, anaweza kunipeleka kortini kweli? Nikibadilisha naanzia wapi? Na watoto? Na hiyo barua ya ndugu yangu niandike ama nisiandike? Samahani nimekua mrefu.

Mama Wawili, Kisumu

*

Mama Wawili,

Wacha nianze na huyo bwana na korti yake, kwa sababu hiyo ndiyo inakukosesha usingizi na kumbe ndiyo iko na jibu fupi. Kenya hakuna sheria inasema mwanamke akiolewa lazima achukue jina la bwana, na hakuna inasema wakiachana lazima aliache. Ulilichukua kwa hiari yako, ukaliandikisha kwa njia inayotakiwa, ni jina lako kama vile ni lake. Katiba yenyewe, kifungu cha 45, inasema mume na mke wako na haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na wakati ndoa inavunjika. Sasa akifika mbele ya hakimu atasema ameibiwa nini? Mtu anaweza kupeleka kesi ya kitu chochote akitaka kumaliza pesa yake, lakini mimi sioni ni sheria gani atashikilia.

Halafu soma tena barua yako pale umesema kuna karatasi ya mwisho hujaifuata. Dada yangu, hapo nilishika kichwa nikacheka. Hiyo karatasi ya kwanza, ile mawakili wanaita dikrii naisai, haijavunja ndoa. Inasema ndoa itavunjika muda fulani ukipita na kama hakuna mtu ameleta sababu ya kuzuia. Ya mwisho, dikrii absoluti, ndiyo inavunja. Kwa hivyo vile tunaongea hivi, wewe na huyo bwana kisheria bado ni mume na mke. Anakuamuru umrudishie jina ili aoe na yeye mwenyewe hawezi kuoa! Ndoa ya kanisa ni ya mke mmoja, Sheria ya Ndoa ya 2014 haijaficha hilo, na mtu akiwa ndani yake hawezi kufunga nyingine popote, si kwa kanisa, si kwa DC, si kimila. Hao watu wa huyo msichana wameongea nao nini sijui.

Najua tayari unawaza nini. Unawaza, kumbe mimi ndiye nimeshika ufunguo, wacha nimkalie. Usimkalie. Hiyo karatasi unaihitaji kumshinda yeye, bila hiyo hata kitambulisho hakitabadilika vizuri, na Mungu apishe mbali lakini mmoja wenu akianguka leo mwingine ni mjane na matanga yatakua ya kupigania mwili. Wewe ndiye ulipeleka kesi, wakili wako ndiye anaandika maombi ya kuifanya iwe ya mwisho.

Sasa tuje kwa roho yako, maana shida kubwa iko hapo. Kuna watu watakutolea mfano wa Wangari Maathai na mimi pia naupenda sana. Aliachana na mumewe, aliyekua mbunge wa Lang'ata, kesi ikaisha 1979 na mume akataka aache jina lake. Jina lilikua Mathai, na a moja. Yeye akaongeza a nyingine, akawa Maathai, na 2004 alipopewa tuzo ya Nobel ya amani dunia nzima ilisoma hilo jina na a mbili. Jibu tamu sana hilo. Lakini angalia mahali alikua amesimama. Huyo alikua msomi na mwalimu wa chuo kikuu, masomo yake, kazi yake, watu kumjua, vyote vilikua vimeandikwa na hilo jina, kuliacha ilikua ni kuacha kazi ya mikono yake. Na sijasikia popote kwamba yeye alikusanya karatasi za kuliacha.

Wewe ulikusanya. Hapo ndipo mimi napata jibu lako, sio kwa voisi ya shemeji. Kabla mtu yeyote hajakuambia kitu ulikua umechoka kusema "ndio ni mimi" na ulikua umetoa fotokopi. Huyo bwana amekuja na amri yake umegeuka, kwa hivyo mwezi uliopita ulikua unaamua wewe na mwezi huu anaamua yeye, tofauti ni kwamba amepata kinyume cha alichotaka. Akituma voisi nyingine kesho aseme amebadilisha nia, baki nalo, utafanyaje? Utakimbia Huduma Centre kuliacha?

Kibao cha kibanda hapana, tafadhali. Unalipa fundi wa rangi kwa hasira na huyo mtu ako Nakuru, Kibuye hapiti.

Kuna wanawake wanabaki na jina la bwana baada ya talaka na wako na sababu nzuri, jina limeshika biashara, ama wanataka kufanana na watoto kwa makaratasi, ama wamelizoea tu na la kwao wanaliona geni. Hao siwapingi hata kidogo. Wengine wanaweka yote mawili. Ningekuambia hivyo kama ningeona dalili kwa barua yako, lakini wateja wako wanakujua kwa mshono na vyeti vyako vya shule, kama ulisoma kabla ya 2007, viko na jina la baba mpaka leo.

Sasa hawa wengine. Nikiwaangalia wote, bwana, ndugu yako, mama, hata wewe na hiyo ploti, mnashika jina kama ni hati ya shamba. Bwana anaona ukibaki nalo umebaki na kitu cha kwao. Ndugu yako anaona ukirudisha la mzee umeingia shambani. Wewe unaona ukiacha la bwana ploti itakwenda. Jina halibebi hivyo vitu, na ukishaelewa hapo utapumua.

Tuchukue ploti. Kwa hati kuna majina mawili na kuna nambari za vitambulisho, na nambari yako haibadiliki hata ukibadilisha jina mara ngapi. Mali ya ndoa iko na sheria yake ya 2013, na hiyo inasema mali ikiandikwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kwamba mna haki sawa mpaka mtu alete ushahidi tofauti. Na mchango si pesa peke yake, kulea watoto, kazi ya nyumba, kusimamia biashara ya familia, vyote vinahesabiwa. Ila Mahakama ya Juu mnamo Januari 2023 ilisema wazi kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mtu aonyeshe alichangia nini. Kwa hivyo badala ya kulinda ploti kwa kubeba jina la mtu, ilinde kwa karatasi, tafuta risiti, meseji za M-Pesa za wakati mnalipa, daftari ya chama kama ulikopa huko, weka pamoja. Na muulize wakili kuhusu kugawanya hiyo mali, kwa sababu talaka peke yake haigawanyi.

Ndugu yako. Huyu nilimkasirikia kidogo halafu nikamwelewa, Vihiga mashamba yamebaki vipande na kila kijana anaogopa dada zake. Kuogopa ni haki yake lakini hiyo barua usiandike. Usiandike mbele ya chifu, usiandike kwa kitabu cha mtoto, usiandike popote. Sheria ya urithi, mzee akiwa amekufa bila wosia na mama yenu bado yuko, inampa mama haki ya kutumia mali maisha yake yote, na baadaye watoto wanagawana sawa, kijana na msichana, aliyeolewa na asiyeolewa. Ulikua na hiyo haki ukiwa na jina la Siaya na utakua nayo ukiwa na la Maragoli. Mwambie kwa upole, "Kaka, mambo ya shamba tutaongea siku mama akikaa na sisi wote, mambo ya jina ni ya kitambulisho changu." Basi. Ukitaka kudai ama usidai utaamua siku hiyo, watu wengi huamua kuwaachia ndugu zao na si vibaya, lakini waamue wakiwa wanajua wanaacha nini.

Na hapo kuna kitu ya kukaa macho. Urithi ukifunguliwa chifu huandika barua yenye majina ya watoto wote wa marehemu. Hakikisha uko kwa hiyo orodha, na jina lako liandikwe vile liko kwa kitambulisho chako cha wakati huo, pamoja na lile lingine, "anayejulikana pia kama". Nimeona faili zikikwama kwa sababu binti ako na jina moja kwa barua ya chifu na lingine kwa kitambulisho.

Mama yako simlaumu, ni kizazi kingine na anaogopa maneno ya watu. Kijiji kinajua. Kilijua siku bwana alihama. Lakini mama mkwe wako mimi nimempenda! Huyo ndiye amekuambia ukweli kuliko sisi wote. Kwa Wajaluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao alikotoka, Nyar Gem, Nyar Alego, Nyar Ugenya, mpaka anazeeka ndani ya boma la bwana bado anaitwa binti wa kule alikozaliwa. Mambo ya bibi kubeba jina la bwana yalikuja na makanisa na ofisi, na ndio maana huyo mama hajawahi kukuita hilo jina hata siku moja. Kwa hivyo mtu akikuambia ati mila hairuhusu uache jina, muulize mila ya nani. Na huyo mama usimpoteze, talaka ni ya mtoto wake, yeye ni nyanya ya watoto wako.

Msichana ndiye wa kukaa naye chini, na usimwombe ruhusa kwa sababu huo ni mzigo mkubwa kumpa mtoto, lakini ajue kabla ya watu wengine. Ameuliza utakua mtu wa nani. Nadhani anauliza kama utakua bado wake. Toa cheti chake cha kuzaliwa umwonyeshe mahali pameandikwa jina la mama, vyeti vyetu viko na nafasi ya jina la mama kabla ya kuolewa, kama mlijaza vizuri jina la baba yako liko hapo tangu siku alizaliwa. Hakuna kitu kwa makaratasi yake kitabadilika. Yeye na ndugu yake majina yao hayaguswi, usiwabadilishie hata kama umekasirika vipi, huyo ni baba yao na jukumu lake kwao, karo pamoja, linabaki vile vile. Kwa shule peleka barua fupi useme mzazi ni yule yule, nambari ya kitambulisho ni ile ile, jina limebadilika, wabadilishe kwa faili. Akimaliza Form Four akianza kuomba pesa za chuo ataulizwa vitambulisho vya wazazi, kwa hivyo ni vizuri uwe umemaliza hii kazi kabla hapo ndio karatasi zisigongane.

Haya, kuanzia wapi. Ukishapata dikrii absoluti, toa nakala kadhaa zilizothibitishwa na korti, ya kwanza weka nyumbani isitoke. Halafu kitambulisho, Huduma Centre ama ofisi ya usajili wa watu, unaenda na kile cha zamani, dikrii na kitu cha kuonyesha jina lako la kwanza, cheti cha kuzaliwa au vya shule. Watachukua kitambulisho chako wakupe karatasi ya kusubiri. Hiyo karatasi inasumbua, kuna mahali hawaitaki, kwa hivyo kama kuna pesa unataka kutoa benki ama mkopo unafuatilia maliza kwanza. Kipya kikitoka, nenda ubadilishe laini ya simu na M-Pesa siku hiyo hiyo, anzia hapo, kwa sababu hapo ndipo panauma. Benki, KRA ya ushuru, SHA ya bima ya afya, NSSF ya akiba ya uzeeni na leseni ya kaunti zifuate polepole, PIN ya KRA inabaki ile ile. Benki nyingine huomba hati ya kiapo kwamba mwenye jina la kale na la sasa ni mtu mmoja, wakili anaandika haraka tu, andikisha hata kabla hawajaomba. Na mwambie mhasibu wa kila shule, cheki ikija na jina la zamani na akaunti imeshabadilika itarudi.

Kuna kitu wengi husahau na kwangu mimi ni kikubwa kuliko jina. Kwa sacco, NSSF, bima na chama uliandika mtu wa kupewa pesa ukifa. 2007 na hiyo furaha yote uliandika nani? Nenda uangalie. Wanawake wanabadilisha jina mpaka kwa kadi ya kliniki na huko bado bwana ndiye mrithi wa akiba yao yote.

Kwa wale watasoma hapa na hawakufunga ndoa ya makaratasi, mlikaa tu pamoja ukaweka jina lake kwa kiapo, wewe huna dikrii ya kuonyesha. Yako ni hati ya kubadili jina, ile inaitwa didi poli, wakili anaiandika, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati halafu inatangazwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, lile hutoka Ijumaa. Inachukua muda zaidi na pesa zaidi lakini inafanya kazi.

Mama Wawili, hiyo Desemba yake isikuharakishe na pia isikucheleweshe. Desemba na Januari wewe ni msimu wa yunifomu, wazazi wanalipa kwa simu usiku na mchana, huo si wakati wa kutembea na karatasi ya kusubiri na laini yenye shida. Ngoja shule zifungue, watu watulie, Februari uende na bahasha yako, iko tu hapo nyuma ya cherehani. Shemeji ukitaka kumjibu mjibu kwa heshima, mwambie umesikia, na mambo ya ndoa wakili wako anaongea na wakili wao, usimwambie jina utalifanya nini kwa sababu akijua tu mtarudi mwanzo. Lakini ya dikrii usingoje Februari. Pigia wakili wiki hii, umuulize muda ulioandikwa kwa karatasi ya kwanza ulipita lini na anahitaji nini kutoka kwako ili aombe ya mwisho.